Mgeni Hulipa Langoni, Jirani Alikwisha Kulipa

Katika vyuo vyetu kuna swali moja la utafiti ambalo halichoki kuulizwa. Mwanafunzi wa uzamili husimama karibu na lango la hifadhi, au katika ukumbi wa hoteli jioni wageni wanaporudi kutoka mbugani, akiwa na dodoso mkononi. Kurasa za mwanzo huuliza umri, nchi ya mtu na kipato chake. Kisha linakuja swali lenyewe: "Iwapo kiingilio kingeongezwa kwa dola 10, na fedha hizo zikatumika kuhifadhi bayoanuai ya mahali hapa, je, ungekuwa tayari kulipa?" Majibu hukusanywa, hukokotolewa, na sura ya mwisho huhitimisha kwamba watalii wako tayari kulipa zaidi ya wanavyotozwa sasa. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba ada ipandishwe.

Nimesimamia tasnifu za aina hii, nimezitahini, na nimeifundisha mbinu inayotumika kuziandika. Ni mbinu yenye heshima yake, na sikusudii kuibeza. Ninachotaka kukijadili na wewe, ndugu msomaji, ni kile kinachotokea pale jibu la mgeni linapogeuzwa kuwa ndiyo thamani ya msitu, na bajeti ya uhifadhi ikajengwa juu yake. Naamini kwamba kwa kumuuliza mgeni peke yake tunamsahau mlipaji mkubwa zaidi, yule ambaye hakuwahi kupewa dodoso.

Tuanze na asili ya swali, maana lina historia ndefu. Mwaka 1947 idara inayosimamia hifadhi za taifa za Marekani iliwaomba wachumi ushauri: kitu kisichouzwa sokoni kithaminiwe vipi? Mmoja wao, Harold Hotelling, alijibu kwa barua kwamba tutazame gharama ambazo watu huzibeba ili kufika hapo. Anayesafiri mbali na kutumia fedha nyingi ametuonyesha kwa vitendo jinsi anavyopathamini mahali. Mwaka huohuo mchumi mwingine, Ciriacy-Wantrup, alitoa wazo jepesi zaidi: kwa nini watu wasiulizwe tu? Mwaka 1963 Robert Davis, katika utafiti wake wa udaktari pale Harvard, alikwenda kuwauliza wawindaji na wapiga kambi wa misitu ya Maine. Mwaka 1967 John Krutilla akaongeza hoja iliyobadilisha fikra: mtu anaweza kuithamini nyika ambayo hatakanyaga maisha yake yote, kwa sababu tu anajua ipo. Wachumi wakaliita jambo hilo thamani ya kuwepo.

Mwaka 1989 meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipasuka katika pwani ya Alaska, na swali likatoka madarasani likaingia mahakamani. Ndege, samaki na ufuo vilikuwa vimeangamia, lakini sokoni havikuwa na bei. Wamarekani ambao hawajawahi kufika Alaska waliulizwa wangelipa kiasi gani ili maafa ya namna hiyo yasitokee tena, na hesabu ikafikia dola bilioni 2.8. Mabishano yalikuwa makali kiasi kwamba serikali iliunda jopo chini ya wachumi wawili wenye Tuzo ya Nobeli, Kenneth Arrow na Robert Solow. Mwaka 1993 jopo lilisema kwamba mbinu inaweza kutegemewa endapo itatumika kwa uangalifu mkubwa. Dodoso la mwanafunzi wangu ni kijukuu cha mjadala huo.

Lakini katika miaka hiyohiyo ulifanyika utafiti mwingine ambao huwasomea wanafunzi kila muhula. Makundi matatu ya watu yaliulizwa yangelipa kiasi gani ili kuweka nyavu zinazozuia ndege wasife katika madimbwi ya mafuta. Kundi la kwanza liliambiwa kwamba wataokolewa ndege 2,000, la pili ndege 20,000, na la tatu ndege 200,000. Wastani wa majibu ulikuwa dola 80, dola 78 na dola 88. Ndege waliongezeka mara mia, utayari wa kulipa ukabaki palepale. Daniel Kahneman na mwenzake Jack Knetsch walikuwa na maelezo yao juu ya mambo ya aina hii: kwamba anayejibu hanunui ndege, ananunua utulivu wa dhamiri yake mwenyewe.

Sisemi kwamba utayari wa mgeni ni uongo. Pale anapotozwa kweli, mara nyingi hulipa. Mfano ulio karibu nasi ni sokwe wa milimani wa Rwanda, Uganda na Kongo. Mwezi Mei 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha kuwatazama kutoka dola 750 hadi dola 1,500. Kwa fedha hizo mgeni hupata saa moja tu mbele ya familia ya sokwe, akiwa katika kundi la watu wasiozidi 8. Na bado watu wanakwenda. Katika safu ya Virunga sokwe hao walikuwa takribani 250 mwanzoni mwa miaka ya 1980; sensa iliyofanyika mwaka 2015 na 2016 ilikuta 604. Wakijumlishwa na wale wa Bwindi, idadi yao ilivuka 1,000, na mwaka 2018 waliondolewa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa, wakashushwa daraja moja. Fedha ya mgeni ni sehemu ya ushindi huo, na anayeipuuza hasemi kweli.

Hata hivyo sokwe ana bahati ambayo viumbe wengi hawana. Ana uso unaofanana na wetu, ana mtoto mgongoni, anapigwa picha vizuri. Tembo na simba wana bahati hiyohiyo. Sasa tujiulize habari ya kiumbe asiye na uso wa kuuza tiketi.

Katika miteremko ya Udzungwa, kwenye korongo la mto Kihansi, mwaka 1996 watafiti walimkuta chura ambaye sayansi haikumjua. Urefu wake hauzidi sentimita 3. Huzaa watoto walio hai, jambo ambalo ni nadra mno kwa vyura, na makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache zilizokuwa zikilowanishwa na manyunyu ya maporomoko. Nchi ilikuwa inajenga hapo mtambo wa umeme wa megawati 180. Mtambo ulipoanza kazi, maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mashine, manyunyu yakakatika, na makazi ya chura yakaanza kukauka. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga maporomoko. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakasafirishwa kwenda kulelewa katika bustani za wanyama Marekani. Waliobaki korongoni wakapukutika mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura huyo ametoweka porini. Mwaka 2012 kizazi cha wale waliolelewa ughaibuni kikaanza kurudishwa Kihansi.

Watanzania wa rika langu wanamkumbuka chura huyo kwa utani wa vijiweni: nchi iko gizani, wakubwa wanahangaika na chura. Mimi namkumbuka kwa sababu nyingine. Hakuna mtalii aliyepanda ndege kuja kumtazama. Tungesimamisha mwanafunzi na dodoso kwenye korongo lile angerudi na karatasi tupu. Kilichomwokoa ni uamuzi wa umma, sheria, wataalamu, mkopo wa Benki ya Dunia, na kodi ya watu ambao wengi wao walikuwa wakimcheka. Tukikubali kwamba thamani ya bayoanuai ni kile ambacho mgeni yuko tayari kukilipia, basi chura wa Kihansi thamani yake ilikuwa sifuri, pamoja na jamii za mimea, wadudu na uyoga wa Milima ya Tao la Mashariki ambao hawapatikani popote pengine duniani. Mgeni hulipia anachokiona. Sehemu kubwa ya bayoanuai haionekani.

Hesabu za hifadhi zetu zinathibitisha jambo hilo. Tuna hifadhi za taifa 21, na zinazozalisha mapato ya kutosha kujiendesha ni chache, zikiongozwa na Kilimanjaro na Serengeti. Nyingine zote huishi kwa mgongo wa hizo. Udzungwa yenyewe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992 ikiwa na kilomita za mraba 1,990, ina nyani aina ya sanje ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu na ambaye hapatikani nje ya milima hiyo. Ungedhani misururu ya magari ingekuwa mirefu langoni pake. Haipo, kwa sababu ndani yake hakuna barabara ya kuzungukia kwa gari. Mtu hupanda kwa miguu yake, anatoka jasho, na pengine anarudi bila kumwona mnyama yeyote mkubwa.

Milima hiyo naijua kwa njia nyingine pia, maana utoto wangu uliishia chini yake, katika bonde la Kilombero. Mahindi yalipoanza kubeba, nyumba yetu iligeuza ratiba yake yote. Kabla ya jua kuchomoza ilibidi mtu awe shambani kuamia, kwa sababu nyani huteremka msituni mapema na huvuna haraka kuliko binadamu. Tulijenga dungu katikati ya shamba, tukawa na debe bovu la kugonga na kombeo la kurushia mawe. Nyani ni mnyama mwenye akili. Hutuma mmoja upande huu apigiwe kelele, na wenzake wakaingia upande wa pili. Hujua kutofautisha mtoto na mtu mzima, na mtoto hamwogopi sana.

Zamu za asubuhi zilikuwa za dada yangu mkubwa. Baba alikuwa katika mpunga, mama alikuwa na mdogo wetu mgongoni, nami nilihesabiwa kuwa bado mdogo mno kukaa peke yangu dunguni. Kwa wiki nyingi za kila msimu dada alifika darasani saa nne, au hakufika. Mtihani wa darasa la saba ulipokuja alifeli kwa alama chache. Mwaka uliofuata nilipokua wa kutosha kwa zamu, alisema yeye amekwisha kukosa, aendelee yeye, mimi niende shule. Leo watu huniita daktari. Dada hadi sasa analima shamba lilelile, na bado nyani wanateremka.

Sisimulii haya ili nihurumiwe, wala dada yangu si mtu wa kuhurumiwa. Ana hekima na msimamo kuliko wengi ninaokaa nao vikaoni. Nayasimulia kwa sababu za kihesabu. Ukichukua mahindi yaliyoliwa, ukaongeza alfajiri za kuamia kwa miaka yote, ukaongeza shule iliyokatika, unapata kiasi halisi cha fedha ambacho kaya moja imekilipa ili nyani waendelee kuwepo. Kaya hiyo haikuulizwa kama iko tayari. Malipo yake hayamo katika jedwali lolote la tasnifu nilizozisoma. Na katika kila kijiji kinachopakana na msitu, kutoka Usambara hadi Mahale, zipo kaya za namna hiyo kwa maelfu.

Malipo ya jirani yana sura nyingi. Kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vilivyo upande wa mashariki wa Udzungwa waliruhusiwa kuingia hifadhini kwa siku maalumu kuokota kuni kavu, kwa kuwa kati ya mlima na mashamba ya miwa hapakubaki mahali pengine pa kuokota. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilisitishwa. Sababu za kiikolojia zilikuwepo: mti uliokufa nao ni makazi ya viumbe, na penye ruhusa ya kuni kavu panga huweza kugusa mti mbichi. Sipingi kwamba msitu ulihitaji kupumzika. Nasema tu kwamba kuanzia siku hiyo gharama ya kupumzisha msitu ilihamia katika jiko la mama fulani: anunue kuni, anunue mkaa, apande miti yake na kuisubiri, au apunguze milo inayohitaji moto wa muda mrefu. Maharage huchukua saa mbili kuiva.

Katika lugha yetu ya kiserikali kuna maneno mawili yanayonifikirisha sana. Mnyamapori akiharibu mazao, mkulima huweza kupewa kifuta jasho. Mnyamapori akijeruhi au akiua mtu, familia hupewa kifuta machozi. Yatazame maneno hayo kwa makini. Hakuna kati yake linalosema fidia. Fidia ni haki ya aliyepoteza chake, na hukadiriwa kwa ukubwa wa alichopoteza. Kifuta jasho ni leso. Anayekupa leso amekuonea huruma, na hadaiwi kitu. Waliochagua maneno hayo walikuwa waangalifu. Walijua kwamba wakiandika fidia wangekuwa wamekiri deni.

Hapa ndipo wachumi wanaposhika jambo zito ambalo mara nyingi tunalipita kwa haraka darasani. Kuna namna mbili za kupima thamani. Unaweza kumuuliza mtu yuko tayari kulipa kiasi gani ili akipate kitu, au unaweza kumuuliza yuko tayari kupokea kiasi gani ili akiachie. Mtu wa kawaida angedhani majibu yatafanana. Hayafanani. Kahneman, Knetsch na Richard Thaler waliwagawia baadhi ya wanafunzi vikombe vya kawaida, kisha wakawaruhusu wauziane na wenzao wasiopewa. Waliokuwa na vikombe walidai zaidi ya mara mbili ya kile ambacho wenzao walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kilekile. Kilichobadilika ni nani alianza akiwa nacho mkononi.

Kwa hiyo anayechagua swali la kuuliza amekwisha kuamua mwenye mali ni nani. Ukimuuliza mkulima wa Mang'ula, "Ungelipa kiasi gani ili kuni ziruhusiwe tena?", umekwisha kumwambia kwamba kuni si zake, na jibu lake litabanwa na mfuko wake mtupu. Ukimuuliza, "Tukupe kiasi gani ili ukubali kutoingia msituni?", umekiri kwamba alikuwa na kitu, na jibu lake litakuwa kubwa. Mgeni huulizwa swali la kwanza na linamstahili, maana amekuja kutafuta kisicho chake. Jirani hustahili swali la pili. Kwa kawaida haulizwi lolote.

Najua kuna watakaosema kwamba fedha ya mgeni ndiyo itakayomlipa jirani, kwa hiyo tumtoze mgeni kwanza. Hoja hiyo ina nguvu endapo njia ya fedha inajulikana. Rwanda ilipopandisha kibali mwaka 2017 iliongeza pia fungu la mapato ya utalii linalokwenda kwa jamii za jirani, kutoka asilimia 5 hadi asilimia 10. Uganda imeandika katika sheria kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi iende kwa maeneo yanayopakana nazo. Mtu anaweza kubisha kwamba mafungu hayo ni madogo, au kwamba hujenga darasa la kijiji wakati aliyeliwa viazi ni kaya moja. Na ubishi huo una haki. Lakini angalau ipo namba iliyoandikwa, na mwenye kijiji anaweza kuidai.

Kwetu tuna programu ya ujirani mwema ambayo imejenga madarasa, zahanati na visima katika vijiji vingi, na inastahili shukrani. Hata hivyo ukarimu wa programu na haki iliyoandikwa kwa asilimia ni vitu viwili tofauti. Na mwaka 2020 njia ya fedha yenyewe ilibadilika: Sheria ya Fedha iliagiza makusanyo ya hifadhi yafanywe na Mamlaka ya Mapato na kuingia Mfuko Mkuu wa Hazina. Tangu hapo suala la kiasi gani kirudi hifadhini limekuwa likijadiliwa na kurekebishwa. Naielewa hoja ya Hazina. Nchi maskini ina hospitali za kujenga, na tembo hana sababu ya kuwa na mfuko wake binafsi. Lakini lisome tena lile swali la dodoso: "na fedha hizo zikatumika kuhifadhi bayoanuai ya mahali hapa." Mgeni alikubali kulipa kwa sharti. Fedha ikichukuliwa na sharti likaachwa, ile namba ya tasnifu haielezi tena kitu chochote. Mwanafunzi wangu mmoja alirudi na dodoso ambalo mwalimu mstaafu kutoka Ulaya alikuwa ameandika pembeni, nje ya visanduku vyote, kwamba angelipa hata mara mbili ikiwa risiti ingemwonyesha fedha zinakwenda wapi. Nilimshauri mwanafunzi ainukuu sentensi hiyo katika sura ya matokeo, maana ilikuwa na taarifa kuliko jedwali zima.

Tena utayari wa mgeni una udhaifu ambao haumo katika fomula: mgeni anaweza asije. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, walishuka hadi takribani 620,000. Askari wa wanyamapori walihitaji mishahara yao kama kawaida, majangili hawakuchukua likizo, na nyani hawakupata taarifa kwamba kuna janga duniani. Waliteremka alfajiri kama walivyozoea. Mgeni alipotoweka, mlipaji mmoja tu ndiye aliyebaki kazini, na ni yule wa dunguni.

Nini basi kifanyike? Nina mapendekezo matatu, na ninayatoa nikijua kwamba mwenye kalamu hana bajeti.

La kwanza linatuhusu sisi wa vyuoni. Tasnifu yoyote inayopima utayari wa mtalii kulipa iwe na sehemu inayopima gharama ya jirani, kwa kijiji, kwa kaya na kwa msimu, pamoja na kiasi ambacho jirani angeona ni haki kukipokea. Mwanafunzi akirudi na namba mbili badala ya moja, mtunga sera ataona pengo kwa macho yake. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kukaa hotelini, na inahitaji mtu aamke alfajiri. Ndiyo maana inafaa kuitwa utafiti.

La pili linaihusu serikali. Fungu la jirani liandikwe katika sheria kwa asilimia, na lionekane kwenye risiti ya mgeni. Kisha sehemu ya fungu hilo ifike kwenye kaya iliyopata hasara, si kwenye mradi wa kijiji peke yake. Na tuwe na ujasiri wa kulitumia neno fidia pale ambapo ni fidia.

La tatu linatuhusu sote, nami ndilo ninaloliona zito zaidi. Mito inayotiririka kutoka Udzungwa huingia Kilombero, na Kilombero huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kihansi inazalisha umeme chini ya milima hiyohiyo. Mashamba ya miwa ya Kilombero hunywa maji yake, na sukari yake imo katika chai ya Dodoma, ya Mwanza na ya Dar es Salaam. Mtumiaji wa kila siku wa msitu ule ni mimi ninayeandika makala haya kwa umeme, na wewe unayeyasoma. Mgeni hukaa siku tatu akaondoka; sisi tunautumia msitu usiku na mchana bila kufika langoni.

Ikiwa ni hivyo, swali la utayari wa kulipa linapaswa kuelekezwa kwetu. Je, tuko tayari kulipa shilingi chache katika ankara ya umeme au katika kilo ya sukari, ziende moja kwa moja kwa watu wanaoishi chini ya vyanzo vya maji yetu? Au tutaendelea kutegemea kwamba Mjerumani atatulipia msitu, na binti wa Kilombero atatulindia kwa masomo yake? Tukijibu kwamba hatuna uwezo, basi na tukubali kusema wazi kwamba aliye maskini kuliko sisi sote ndiye tuliyemteua alipe. Mimi kwa upande wangu nimekwisha kulijibu swali hilo. Ninalo deni la misimu saba ya mahindi, na mdai wangu namjua kwa jina.